Alidondosha risasi ndani ya soksi: Maisha ya Subroto Mukerjee, Mhindi wa kwanza kuongoza kikosi cha ndege za vita

Hebu jiweke pale kwanza. Ni Agosti 1940. Uko juu ya milima ya Waziristan, ule upande wa India ya mkoloni unaopakana na Afghanistan. Ndege yako haina paa. Upepo unakuchapa uso, injini inanguruma mpaka huwezi kubonga na mwenzako wa nyuma bila kupiga nduru. Chini kuna askari wachache wamezingirwa juu ya kilima. Wanakupigia ishara. Unazisoma na unashika rada mara moja: wasee wameishiwa na risasi.

Sasa utafanya nini? Huna pa kutua. Ukirudi kambini kuleta mzigo, pengine utarudi upate wote wamededi. Na hukubeba hata sanduku moja la kuwarushia.

Rubani wa siku hiyo hakukaa sana na hilo swali. Yeye na mpiga bunduki wake walitoa risasi kwenye bunduki yao wenyewe, wakavua soksi, wakazijaza, halafu wakazidondosha kutoka juu, pale pale kwa wenzao. Maze, risasi zilitoka mbinguni zikiwa ndani ya soksi.

Jina la huyo rubani ni Subroto Mukerjee. Alikuwa na miaka 29, na tayari alikuwa Mhindi wa kwanza kuongoza kikosi cha ndege za vita. Baadaye alikuwa Mhindi wa kwanza kukalia kiti cha mkuu wa jeshi lote la anga la nchi yake. Ukiskia tu hiyo sehemu ya soksi utasema huyu ni shujaa, story imeisha. Lakini ngoja kidogo. Wale waliozingira kile kilima walikuwa watu wa milima hiyo waliokataa kutawaliwa na Mwingereza. Na huyu kijana wa Kolkata alikuwa anarusha ndege ya nani? Ndio maana maisha yake yanataka uyasome yote ndio useme kitu.

MTOTO WA MABUDA

Subroto alizaliwa Machi 5, 1911 mjini Kolkata, enzi hizo ukiitwa Calcutta. Tusidanganyane, hakuwa mtoto wa mtaa wa mabati. Buda yake alikuwa ofisa katika utumishi mkuu wa serikali ya kikoloni, mahali ambapo viti vingi vilikaliwa na Wazungu na Wahindi waliingia kwa kuhesabika. Babu yake upande wa mathe, Dkt. P. K. Roy, alikuwa Mhindi wa kwanza kuwa mkuu wa chuo cha Presidency, kile chuo kikubwa cha Kolkata. Kwa hiyo ni familia ya vitabu, ya Kiingereza safi, ya kujua mtu anayejua mtu.

Lakini kuna jamaa mmoja kwenye huo ukoo ambaye hakutaka maisha ya ofisi. Huyo ni mjomba wake Subroto, Indra Lal Roy, na lazima nikupe story yake kwa sababu bila yeye pengine Subroto angekuwa wakili.

Indra Lal alikuwa anasoma London vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vimewaka. Akataka kurusha ndege. Akapimwa macho, akaambiwa hayafai. Wewe ungefanya nini? Yeye aliuza pikipiki yake, akatumia hiyo chapaa kulipa daktari bingwa wa macho ampime upya. Akapita. Desemba 1917 ndege yake ikaanguka Ufaransa, na inasimuliwa hadi leo kwamba walidhani amekufa wakamweka na maiti, mpaka alipozinduka na kuanza kugonga mlango. Ukishatoka mochari kwa miguu yako, si ungeomba kurudi home? Jamaa akaomba kurudi angani.

Julai 1918, ndani ya kama wiki mbili, aliandikiwa ushindi mara 10 dhidi ya ndege za Wajerumani. Julai 22 wakampata. Alikuwa na miaka 19. Kaburi lake liko Ufaransa, na Uingereza ikampa nishani akiwa tayari chini ya udongo.

Subroto wakati huo alikuwa mtoi wa miaka 7. Fikiria kukua nyumbani na jina kama hilo linatajwa mezani.

NDEGE ZA MKOLONI ZILIKUWA ZINAFANYA NINI INDIA?

Hapa tupunguze mwendo, kwa sababu bila hii sehemu huwezi kuelewa ile kazi Subroto aliingia.

Kikosi cha kwanza cha ndege za vita za Uingereza kilifika India mwisho wa 1915. Kiliitwa kikosi namba 31, na hadi leo wimbo wao ni kwamba wao ndio walifungua anga ya India. Makao yalikuwa kule kaskazini magharibi, Risalpur, karibu na Peshawar. Kwa nini huko na sio Bombay au Delhi penye watu wengi? Kwa sababu ya milima. Makabila ya Wapashtuni walioishi mpakani hawakuwahi kukubali kabisa kuwa chini ya mtu. Mwingereza alikuwa ametuma majeshi ya miguu huko miaka na miaka, na kila mara alirudi amebeba maiti na deni.

Ndege zikabadilisha hesabu. Mwaka 1919, Uingereza ilipopigana na Afghanistan, ndege moja kubwa ya mabomu ilivuka milima Mei 24 ikapiga Kabul na kurudi. Ndege moja tu. Wakubwa wa London wakaona mwanga: kumbe unaweza kutisha nchi nzima bila kutembeza askari hata mmoja mlimani.

Kuanzia hapo ikawa mtindo. Kijiji kikikataa amri, kwanza ndege inapita inamwaga makaratasi ya onyo, lipeni faini, leteni bunduki, mko na siku kadhaa. Siku zikiisha, mabomu. Nyumba, mifugo, mashamba, yote ni halali. Halafu ndege zinaendelea kurudi ili watu wasiweze kulala kwao wala kuvuna. Mwaka 1925, kati ya Machi na Mei, ofisa mmoja anayeitwa Richard Pink aliendesha vita vizima Waziristan Kusini kwa ndege peke yake, bila jeshi la miguu. Waingereza waliopoteza maisha walikuwa wawili. Ile hesabu ya upande wa pili haikuandikwa kwa makini hivyo.

Na marubani nao walikuwa na hofu yao. Injini ikizima juu ya ile milima, unaanguka mikononi mwa watu uliowapiga mabomu asubuhi. Kwa hiyo kila rubani alibeba karatasi iliyoandikwa kwa lugha za wenyeji, ikiahidi pesa nzuri kwa yeyote atakayemrudisha akiwa mzima na viungo vyake vyote. Hiyo sehemu ya viungo haikuwekwa kwa mchezo.

Usidhani pia kwamba hizo zilikuwa ndege za maana. Vikosi vya India vilipewa mabaki ya vita. Mwaka 1922 mkubwa mmoja alitumwa kukagua, akakuta ndege nyingi zimekaa tu, hazina vipuri, na chache sana ndizo zingeweza kupaa.

Kama unasoma hii ukiwa Nairobi, usiseme hayo ni mambo ya mbali. Ule ujuzi wa kupiga watu wako kutoka juu haukubaki Waziristan. Kati ya 1953 na 1955, ndege za jeshi hilo hilo la Uingereza zilimwaga mabomu Nyandarua na Mlima Kenya kutafuta Mau Mau. Zile kubwa, Lincoln, zilikuwa zinaruka kutoka Eastleigh, hapo hapo kwa kambi ya jeshi la anga.

NAFASI SITA TU

Turudi kwa Subroto. Miaka ya 1920 wanasiasa wa India walikuwa wamechoka kuona vijana wao wanakufa vitani wakiwa askari wa chini huku karibu maofisa wote ni Wazungu. Kelele zikazidi, kamati ikaundwa, na mwaka 1927 ikapendekeza Wahindi waruhusiwe kuwa maofisa hata kwenye jeshi la anga. Watasomea Cranwell, Uingereza, chuo kile kile cha marubani wa mfalme.

Nafasi zilikuwa 6. Nchi ya mamia ya mamilioni ya watu, nafasi 6. Subroto alikuwa amefika chuo cha babu yake Kolkata na kukaa huko muda mfupi tu. Akafanya mtihani, akachaguliwa, na mwaka 1930 akaingia Cranwell akiwa na miaka 19, umri ule mjomba wake alikufa nao.

Miaka miwili wakapigwa msasa: kurusha ndege, injini, ramani, nidhamu ya Kizungu mpaka ya kushika uma mezani. Watano wakatoka marubani: Subroto, Harish Chandra Sircar, Aizad Baksh Awan, Bhupendra Singh na Amarjeet Singh. Wa sita, J. N. Tandon, alikuwa mfupi kuliko kipimo cha rubani, kwa hiyo wakampa kazi ya stoo na vifaa. Angalia hayo majina vizuri. Kuna Mhindu, kuna Muislamu, kuna Sikh. Shika hiyo kichwani, tutaihitaji mbele.

Oktoba 8, 1932, jeshi la anga la India likaanzishwa kisheria. Kwa karatasi. Ndege zilikuwa sifuri.

KARACHI, SIKU YA WAJINGA

Ndege za kwanza zilikuja Aprili 1, 1933, katika kambi ya Drigh Road, Karachi. Ndio, siku ya wajinga, na kulikuwa na Wazungu waliosubiri kicheko. Jeshi zima lilikuwa ndege 4 za aina ya Wapiti, wale maofisa wachache, na mafundi kama 20 hivi. Hao mafundi waliitwa Hawai Sepoy, yaani askari wa angani. Hilo neno hawai unalijua hata kama hujawahi kufika India. Ni shina moja na hewa yetu, sote tulilitoa kwa Mwarabu.

Wapiti yenyewe ilikuwa ndege ya mabawa ya ghorofa mbili, viti viwili, hakuna paa, na mwendo wake ulizidi kidogo tu kilomita 200 kwa saa. Leo kuna matatu za usiku zinajaribu kuifikia.

Kocha wao alikuwa Mwingereza, Cecil Bouchier, rubani aliyekuwa amepigana vita vya kwanza. Huyu alichukua kazi yake kwa uzito. Kumbuka hao vijana hawakuwa wanajifunza kurusha ndege tu, walikuwa kwenye mtihani wa taifa. Mzungu akiangusha ndege, ni ajali. Mhindi akiangusha, utaskia si tuliwaambia hawa watu hawawezi.

Na ajali zilikuja mbio. Kabla mwaka 1933 kuisha, Bhupendra Singh na Amarjeet Singh walikufa pamoja ndani ya ndege moja. Baadaye Sircar akapata ajali mbaya akitua mji wa Hyderabad ule wa Sindh, ndege ikaingia katikati ya askari waliokuwa chini na kuua kadhaa. Kazi yake ikaishia hapo. Marubani watano, wakabaki wawili: Subroto na Awan.

Msee, hapo ndio watu wengi wangehepa. Umezika marafiki wawili, wa tatu amefukuzwa, na Wazungu wa kantini wanatingisha vichwa. Subroto alibaki. Vijana wapya wakaanza kuja, mmoja wao akiwa Aspy Engineer, aliyekuwa amejulikana tayari mwaka 1930 kwa kushinda zawadi ya Aga Khan ya Mhindi wa kwanza kuruka peke yake kati ya Uingereza na India. Ndio, Aga Khan, babu wa ukoo ule ule wa hospitali ya Parklands. Kikosi kikaanza kujaa tena.

MILIMA YA WATU WENGINE

Kuanzia 1936 kikosi kikahamia kaskazini, Peshawar, na ndege zikawa zinatumwa kambi ya Miranshah, ndani kabisa ya Waziristan. Wakati huo kulikuwa na ngori kubwa huko. Mzee mmoja wa dini, Mirza Ali Khan, ambaye Waingereza walimwita Fakiri wa Ipi, alikuwa ameamsha makabila. Mkoloni akamwaga askari makumi ya maelfu milimani, na ndege juu yao, na bado hawakumshika. Alijificha mapangoni, akahama, akaibuka kwingine.

Kazi ya Subroto na wenzake ilikuwa kuwa macho ya jeshi: kupeleleza, kupiga picha, kudondosha barua kwa askari wa chini, na kupiga mabomu wakiamriwa. Walifanya hiyo kazi vizuri. Vizuri mpaka maneno ya kwamba Mhindi hawezi yakakosa pa kusimama. Machi 1939 Subroto akapandishwa cheo na kupewa kikosi namba 1 chote. Mwaka huo huo akamuoa Sharda Pandit, na huyo mama tutamrudia.

Sasa lile swali nililokuahidi. Huyu ni kijana wa nchi iliyotawaliwa, akipanda ndege ya mtawala, kwenda kupiga watu wengine waliokataa kutawaliwa na huyo huyo. Wakati huo, huko Delhi na Bombay, wenzake wa rika lake walikuwa wanaingia jela nyuma ya Gandhi. Nani alikuwa upande wa sawa?

Ukiuliza upande wake, jibu liko wazi. India itakuwa huru siku moja, na siku hiyo itahitaji watu wanaojua kurusha ndege, kuzitengeneza na kupanga vita. Huo ujuzi ulikuwa kwa mwenye nyumba peke yake, na hakuna mlango mwingine wa kuupata. Ukikataa kuingia, nchi itapata uhuru ikiwa na bendera tu, na jeshi la anga bado la Mwingereza.

Ukiuliza upande wa mama aliyekuwa anakimbiza watoto na mbuzi kwenda pangoni kila akiskia injini, atakujibu nini? Kwake hakukuwa na tofauti kama aliyevuta kamba ya bomu ni mtu wa Kolkata au mtu wa London. Bomu halina rangi. Zote mbili ni kweli, na usiache mtu akuambie lazima uchague moja ndio usimulie maisha ya Subroto.

BOSI WA KAMBI YA WAZUNGU

Vita vya pili vya dunia vikabadilisha kila kitu kwa mbio. Mwaka 1939 jeshi la anga la India lilikuwa na kikosi kimoja tu, kile cha Subroto. Japani ilipoingia Burma mwaka 1942 na kusogea mlangoni mwa India, Mwingereza akawa anahitaji kila rubani aliyekuwa na mikono miwili. Vita vilipoisha kulikuwa na vikosi 9, na wengi wa viongozi wake walikuwa Wahindi waliofunzwa kwenye ule msingi wa ndege 4 za Karachi.

Subroto mwenyewe aliondolewa kwenye kurusha kila siku, akasukumwa kwenye uongozi. Mwaka 1943 akapewa kambi nzima ya Kohat. Hii ni kubwa kuliko inavyoskika. Kohat ilikuwa kambi ya jeshi la anga la Uingereza, na hakuna Mhindi alikuwa amewahi kupewa kambi kama hiyo. Miaka 10 tu nyuma alikuwa mwanafunzi anayechungwa asivunje ndege. Sasa Mzungu akitaka ruhusa ya kwenda likizo, karatasi inapita mezani kwa Mukerjee.

1947: RAMANI INAPASULIWA

Agosti 1947 uhuru ukaja, na ukaja na panga. India ikagawanywa mara mbili, India na Pakistan, na jeshi nalo likagawanywa: ndege, vipuri, meza, watu. Rubani Muislamu na rubani Mhindu waliokuwa wanalala chumba kimoja wakaulizwa wewe unaenda wapi.

Sasa angalia ramani ya maisha ya Subroto. Drigh Road, penye alianza. Peshawar na Risalpur. Miranshah, penye alidondosha soksi. Kohat, penye alikuwa bosi. Zote, kila moja, zilianguka upande wa Pakistan. Kazi yake yote ya ujana ikabaki nchi ya mtu mwingine. Na kabla Oktoba kuisha, nchi hizo mbili zilikuwa zinapigana Kashmir, na ndege za India zinabeba askari kwenda Srinagar kuanzia Oktoba 27.

Kuna jambo lingine hapa ambalo vijana wengi hatungelivumilia. India ilikuwa huru, lakini jeshi lake la anga liliendelea kuongozwa na Waingereza: Elmhirst, halafu Ivelaw-Chapman, halafu Gibbs. Karibu miaka 7. Subroto alikaa chini yao kama msaidizi, akijifunza sehemu ambazo Mzungu hakuwa amewahi kumfungulia: bajeti, kununua ndege, kupanga jeshi zima. Nchi ilikuwa na hamu ya kuona sura yake juu ya hicho kiti, yeye akasubiri mpaka awe tayari kukikalia.

Aprili 1, 1954 kikawa chake. Hesabu nawe: jeshi la anga la Uingereza lilizaliwa Aprili 1, 1918. Kikosi chao cha Karachi kilianza Aprili 1, 1933. Na sasa, miaka 21 kamili baadaye, siku ile ile ya wajinga, yule kijana wa Wapiti akawa mkuu. Hakuna aliyecheka.

Chini yake jeshi likazama zaidi kwenye enzi ya jeti. India ilikuwa imeanza kupokea jeti za Ufaransa ambazo wenyewe waliziita Toofani, na wewe Mswahili huhitaji mtu akutafsirie, ni tufani tu. Zikafuata Mystère, Canberra, Hunter na zile ndogo za Gnat. Lakini kitu kikubwa zaidi alichojenga hakikuwa na mabawa: vyuo, karakana na mafundi, ili nchi isije tena kumpigia mgeni magoti kwa sababu ya parafujo.

MSOSI WA TOKYO

Novemba 8, 1960, Subroto alikuwa Tokyo, Japani. Jioni akatoka kwenda kudishi na rafiki wa jeshi la majini la India. Wakiwa mezani, kipande cha chakula kikamkwama kooni. Hakuna mtu aliyeweza kukitoa. Kabla daktari kufika, alikuwa ameenda.

Msee ambaye milima ya Waziristan ilimkosa, ajali za Wapiti zilimkosa na vita vya dunia vilimkosa, aliondolewa na tonge. Alikuwa na miaka 49.

Mwili ukarudishwa Delhi, ukachomwa kwa heshima zote za kijeshi, na ndege 49 zikapita juu, moja kwa kila mwaka wa maisha yake. Kiti chake kikachukuliwa na Aspy Engineer, yule kijana wa zawadi ya Aga Khan. Mkewe Sharda hakukaa ndani kulia. Mwaka 1962 alichaguliwa kuingia bungeni, na baadaye akawa gavana wa majimbo mawili, Andhra Pradesh na Gujarat.

Na kuna mwingine aliyekufa mwaka huo huo wa 1960. Aprili, katika ile milima ya Waziristan, yule Fakiri wa Ipi alifariki kwa ugonjwa, akiwa mzee, bila Mwingereza kuwahi kumtia mkononi. Wawili hao walikuwa pande mbili za bomu moja, na wote wawili walimuona mkoloni akifunga virago.

KOMBE LA MATOI

Mwaka aliokufa ndio mwaka kombe lake lilianza. Subroto alikuwa mtu wa boli damu, na wazo lake lilikuwa rahisi: India haitawahi kupata wachezaji wa maana kama haiwatafuti wakiwa bado kwa sare za shule. Kombe la Subroto bado linachezwa Delhi hadi leo, na jeshi la anga ndilo linaloliandaa. Shule zinatoka kila pembe ya nchi, wavulana kwa wasichana, na kuna wachezaji wa timu ya taifa waliopitia hapo.

Kwa hiyo ukiuliza kijana wa India kuhusu Subroto, usishangae akianza kukuambia mabao. Wewe mwambie kuhusu soksi. Na mkimaliza kucheka, mwambie na ile sehemu ya mama na mbuzi wake pangoni.